Kumtegemea Mungu siku za kawaida na siku ya balaa: tuelekezane kwa vitendo

Nahodha_Mrima (mleta uzi)

Assalamu alaykum ndugu zangu, na kwa ndugu zetu Wakristo, Bwana asifiwe.

Mtu akileta shida yake jukwaani, majibu kumi ya kwanza ni "mwachie Mungu". Neno ni la kweli, lakini anayedaiwa kodi ya miezi mitatu, au anayesubiri majibu ya vipimo, anaondoka hajui kesho akiamka ashike lipi. Naomba uzi huu uwe wa vitendo: nini kisemwe, nini kifanywe, wakati gani, na watu hukosea wapi.

Mpangilio umo katika Aal Imran aya ya 159. Mtume (s.a.w.) ameamrishwa ashauriane na wenzake, kisha akishaazimia, amtegemee Mwenyezi Mungu. Shauri ni la kwanza, azma ya pili, tawakali ya tatu. Anayeanza na la tatu huku mawili ya mwanzo ameyaruka hajatawakali, amekaa tu.

Mfano wake uliotimia ni Hijra, kuhama kwa Mtume kutoka Makka kwenda Madina. Madina iko kaskazini ya Makka. Mtume na Abubakar walipotoka walielekea kusini, wakajificha pango la Thaur siku tatu mpaka msako ulegee. Abdullah bin Abubakar alishinda mjini akisikiliza Makureshi wanapanga nini, usiku anapeleka habari. Amir bin Fuhaira alipitisha mbuzi jioni ili wapate maziwa. Asmaa aliuchana mshipi wake akafungia chakula. Kiongozi wa njia, Abdullah bin Uraiqit, hata Mwislamu hakuwa, ila njia aliijua na amana aliitunza, akakabidhiwa ngamia wawili aje nao siku zikitimia. Yote hayo yalipangwa na kutekelezwa. Wasakaji wakafika juu ya pango hata hivyo! Ni pale ambapo hapakubaki hila hata moja ndipo likasemwa lile lililo katika Sura Tawba aya ya 40: "Usihuzunike, hakika Mwenyezi Mungu yu pamoja nasi."

Wajuzi karibuni. Tuanze na siku ya kawaida, maana moyo ambao haukuzoeshwa siku ya shwari hautapata maneno siku ya tufani.

Ukhti_Shangani

Ahsante kwa uzi, shekhe. Naweka ratiba ya anayeanza. Haizidi dakika kumi asubuhi na kumi jioni.

Baada ya swala ya Alfajiri, kabla ya kushika simu: Ayatul Kursi mara moja, Ikhlas, Falaq na Nas mara tatu tatu, "Bismillahilladhi la yadhurru ma'asmihi shai'un fil ardhi wala fis samaa, wahuwas Samiul Alim" mara tatu. Kisha dua aliyofundishwa Bi Fatma na baba yake: "Ya Hayyu ya Qayyum, birahmatika astaghith, aslih li sha'ni kullahu, wala takilni ila nafsi tarfata ain." Yaani, nitengenezee mambo yangu yote, wala usiniachie nafsi yangu hata kwa muda wa kupepesa jicho. Rudia hayo hayo baada ya Alasiri.

Ukivuka kizingiti cha mlango: "Bismillahi, tawakkaltu alallah, wala haula wala quwwata illa billah." Imo katika vitabu vya hadithi vya Abu Daud na Tirmidhi, na anayeisema huambiwa ameongozwa, ametoshelezwa, amekingwa.

Kulala: tia udhu, lala kwa ubavu wa kulia, soma ile aliyofundishwa Baraa bin Azib, "Allahumma aslamtu nafsi ilaik, wafawwadhtu amri ilaik..." mpaka mwisho, iwe ndiyo maneno yako ya mwisho. Ni dua ya kukabidhi. Umefunga mlango, umezima jiko, la mchana limekwisha, lililobaki limepelekwa kwa mwenyewe.

Makosa ninayoyaona sana kwa wanafunzi ni mawili. La kwanza, mtu anapakua programu yenye nyiradi hamsini, anazisoma zote wiki ya kwanza, ya pili haonekani. Mtume amesema amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile yenye kudumu hata ikiwa ndogo. Shika tatu ulizozielewa maana, ukishazizoea ongeza moja. La pili ni kuzisoma mbio huku macho yako kwenye magazeti. "Tawakkaltu" ni tamko la kiapo karibu: nimemfanya Mungu wakili wangu. Mtu haweki wakili kwa haraka namna hiyo.

Mpemba_Halisi

Swali, wakuu. Kuweka akiba, bima ya afya, gunia la mchele ndani: je, hayo si dalili kwamba moyo umeegemea vitu?

Nahodha_Mrima

@Mpemba_Halisi, swali zuri. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume alikuwa akiwawekea watu wa nyumbani kwake chakula cha mwaka kutokana na mitende ya Bani Nadhir. Chakula cha mwaka, na hakuna aliyemshinda kwa tawakali.

Kuna na kisa cha mahujaji wa Yemen waliokuwa wakija Hija bila masurufu wakisema wao ni wenye kutawakali, wakifika Makka wanaanza kuombaomba. Ndipo ikashuka aya ya 197 ya Sura Baqara: jiwekeeni masurufu. Ile hadithi ya ndege inayotajwa kila siku, wanaoruzukiwa wakarudi jioni wameshiba, isomeni yote: inasema hutoka asubuhi matumbo matupu. Hutoka. Hakuna aliyeletewa punje kiotani.

Kipimo cha moyo hakiko kwenye gunia. Kiko siku gunia linapoibiwa. Aliyekuwa ameliegemea huanguka nalo, mwingine huumia, akapiga ripoti, akaendelea na kazi. Ila bima yenyewe ina mikataba ya aina nyingi, hukumu yake muulize shekhe ukiwa na karatasi ya mkataba mkononi, usiulize kwa jina tu.

Mwinjilisti_Kyela

Bwana asifiwe. Naomba niingie, maana kwetu nako kuna hazina juu ya hili.

Kutoka 16, mana. Kipimo kilikuwa pishi moja kwa kila kichwa kwa siku. Aliyelaza mpaka asubuhi alikuta funza na harufu. Siku ya sita waliokota pishi mbili kwa ajili ya Sabato, na hizo hazikuoza. Tazameni mafundisho yaliyomo: mkate ulishuka kwa Mungu, lakini kuamka mapema, kuokota, kusaga na kupika ni kazi ya mtu, na jua likiwa kali ile mana iliyeyuka. Aliyelala alikosa. Na ndiyo maana Bwana Yesu aliposema tuombe riziki, alitupa kipimo cha leo. Kwa vitendo: ombi la asubuhi litaje mambo ya leo kwa majina yake. "Bwana, saa nne nina kikao na mwajiri, saa nane namchukua mtoto shuleni, fedha ya unga haijapatikana." Ombi la jumla jumla, "bariki siku yangu", halimwonyeshi mtu jioni amejibiwa nini, na shukrani yake nayo inakuwa ya jumla.

Danieli 6:10. Amri ya mfalme imetiwa sahihi, tundu la simba linasubiri, Danieli anapiga magoti mara tatu kwa siku "kama alivyokuwa akifanya tokea hapo". Hakuanza mkesha mpya kwa sababu ya simba. Alikuwa na ratiba, na balaa ikamkuta ndani ya ratiba.

Nehemia 4:9 ni mstari mmoja wenye mambo mawili: walimwomba Mungu, na wakaweka walinzi mchana na usiku. Msiutenganishe.

Ila anayetaka somo kamili la dhoruba asome Matendo 27 yote kwa utulivu. Paulo ameshaahidiwa na malaika kwamba hakuna atakayepoteza uhai. Mwingine angekaa akasubiri ahadi. Yeye aliona mabaharia wanashusha mashua kwa hila wakimbie, akamwambia akida kwamba hao wasipobaki merikebuni, ninyi hamtaokoka. Askari wakakata kamba. Nanga nne zilikuwa zimeshushwa upande wa tezi, nyuma ya chombo. Siku ya kumi na nne bila chakula, akawahimiza wale, akashukuru mbele ya wote, akaumega mkate. Watu 276. Waliposhiba wakatupa ngano baharini chombo kiwe chepesi. Wote walifika pwani Malta, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao. Ahadi ilitimia kupitia nanga, chakula, kamba iliyokatwa, na mbao.

Dogo_Ilala

Mnaongea vizuri ila mnawapa watu njia ya kukimbilia sababu. Hadithi sahihi ipo: watu elfu sabini wataingia peponi bila hesabu, hawaombi kusomewa ruqya (kisomo cha tiba), hawajitibu kwa kuchomwa moto, hawaamini ndege mbaya, na kwa Mola wao hutegemea. Hospitali imetoka wapi hapo?

Ukhti_Shangani

@Dogo_Ilala, hadithi ni sahihi, Bukhari na Muslim wote wanayo. Isome ilichotaja. Imetaja kumwendea mtu umwombe akusomee, kuchoma kwa moto, na mikosi. Haikutaja kuacha tiba. Mtume mwenyewe alipigwa chuku na akamlipa aliyempiga, na alimpelekea Ubayy bin Kaab tabibu. Na alipoulizwa na mabedui kama wajitibu, alisema jitibuni, maana Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee.

Khalifa Umar alipofika Sargh akielekea Sham (Shamu) akasikia tauni imeingia, hakuamua kwa ghafla. Aliwaita Muhajirina, wakatofautiana. Akawaita Ansari, wakatofautiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, hao wakakubaliana kwa kauli moja arudi. Abu Ubaida akamuuliza, unakimbia kadari ya Mungu? Akajibu: naam, tunaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Kisha Abdurrahman bin Auf akaja na hadithi: mkisikia tauni iko mahali msiingie, na ikiwakuta mlipo msitoke kwa kuikimbia. Hapo utaona kila kitu kwa mpigo mmoja, ushauri, azma na tawakali, na sheria ya karantini juu yake.

Muuguzi_Wodi

Namshukuru ukhti. Niongeze upande wa wodi, maana hapa ndipo imani isiyofundishwa inapoua.

Dawa nyingi humpa mtu nafuu kabla hazijamaliza kazi, na nafuu hiyo ndiyo inayochukuliwa kuwa ushuhuda. Mseto wa malaria kwa mtu mzima ni vidonge 24: vinne kwa mara moja, mara sita, ndani ya siku tatu. Dozi ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni, pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Homa hushuka mapema, mtu akasema ameponywa, vidonge vilivyobaki akamwekea mtoto. Vimelea vilivyobaki hurudi. Kifua kikuu cha kawaida ni miezi sita, na kikohozi hukatika mapema zaidi ya hapo. Mtu wa ARV akipima virusi havionekani, ajue havionekani kwa sababu anameza. Shinikizo la damu halina maumivu ya kumkumbusha mtu. Sukari ndiyo ya hatari kuliko zote kwa anayetumia insulini: akiiacha, anaweza kuzidiwa ndani ya siku chache.

Mwaka 2011 nchi nzima iliangalia Samunge, Loliondo. Kikombe cha dawa ya Babu kilikuwa shilingi 500, na foleni ya magari ilikwenda kilomita nyingi. Wapo waliotolewa wodini wakapelekwa kwenye foleni ile. Sisemi hivyo kuwacheka, walikuwa wagonjwa waliochoka. Nasema anayeombea mgonjwa akae na kanuni moja: dawa huondolewa na aliyeiandika, kwa kipimo. Ukiamini umepona, nenda ukapimwe. Mungu aliyeponya haogopi maabara.

Dalili za kwenda hospitali saa hiyo hiyo, maombi yakiendelea ndani ya gari: degedege, mdomo kwenda upande au mkono mmoja kukosa nguvu, damu kwa mjamzito, mtoto asiyeweza kunyonya, kupumua kwa shida. Kiharusi hasa kinahesabiwa kwa saa.

Kuhusu kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa wino zikaoshwa na kunywewa: anayekunywa aangalie wino. Zafarani, na maji safi. Wino wa kalamu si wa kunywa.

Na mgonjwa Mwislamu ana lake la kufanya kitandani, halimkatazi daktari. Weka mkono panapouma, sema "Bismillah" mara tatu, kisha mara saba: "Audhu billahi waqudratihi min sharri ma ajidu wa uhadhir." Ndivyo alivyofundishwa Uthman bin Abil As.

Mwinjilisti_Kyela

@Muuguzi_Wodi, umenigusa. Na kwetu kuna jeraha la Shakahola, Kilifi, mwaka 2023, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, ya watu walioambiwa wafunge mpaka wamwone Yesu, na watoto wamo. Kila mchungaji alifundishe hili waziwazi: kufunga katika Maandiko kuna mwisho na watu hula. Esta alitaja siku tatu. Ibilisi alipomwambia Yesu ajitupe kutoka kinara cha hekalu kwa kuwa malaika watamdaka, alinukuu Zaburi, na Yesu akamjibu, usimjaribu Bwana Mungu wako. Kwa hiyo hata mstari wa Biblia unaweza kutumiwa kumsukuma mtu aruke. Mtoto, mjamzito, anayenyonyesha na mwenye dawa za kila siku wasifungishwe. Na kiongozi yeyote anayewataka watu waache shule, hospitali na ndugu zao kwa pamoja, ondokeni hapo siku hiyo hiyo na mtoe taarifa.

Mama_Ntilie_Mbagala

Nashukuru kwa elimu. Mimi naomba mguse madeni. Kina mama tumebanwa na mikopo ya riba kubwa, kausha damu, na tukiambiwa tumtegemee Mungu tunaenda kukopa kwingine tulipe kule.

Nahodha_Mrima

Pole sana, mama. Hesabu kwanza, maana ndiyo inayofichwa. Laki moja kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, ukiikopea tena kila mwezi bila kupunguza, mwezi wa tatu ni 219,700. Dua haitakwenda sambamba na mkopo mpya kila Jumatatu, kwa sababu mkono mmoja unaomba kutoka na mwingine unajifungia ndani.

Fanya hivi. Andika wadai wote kwenye karatasi moja: nani, kiasi, tarehe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Baqara 282, ni ya kuandika deni, basi kuandika kwako ni ibada. Acha kukopa kwa ajili ya kulipa. Mwendee kila mdai kabla ya tarehe yake kufika, siyo baada, umtajie kiasi unachoweza kweli kwa wiki, hata kama ni elfu tano, na muandikishane mbele ya mashahidi. Aya ya 280 inamwamrisha mdai ampe nafasi mwenye dhiki, lakini atajuaje una dhiki kama unazima simu? Kuzima simu ndilo kosa linaloharibu zaidi, maana linamgeuza mwenye dhiki aonekane mwizi. Kisha dua aliyoitoa Sayyidna Ali kwa mtumwa aliyeshindwa kulipa fedha ya kujikomboa: "Allahummakfini bihalalika an haramik, wa aghnini bifadhlika amman siwak." Isome baada ya kila swala, na yaliyomo kwenye karatasi ile uyajue. Amesema Mtume, anayechukua mali za watu akinuia kulipa, Mwenyezi Mungu humlipia. Nia ya kulipa inaonekana kwenye elfu tano ya wiki.

Mpemba_Halisi

Istikhara nayo. Watu wanaswali, hawaoni ndoto, wanachanganyikiwa zaidi.

Ukhti_Shangani

Ndoto si sharti wala haikutajwa katika hadithi. Jabir amesema walifundishwa istikhara katika mambo yote kama wanavyofundishwa sura ya Qur'ani. Ni rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha dua yake ("Allahumma inni astakhiruka bi'ilmik..."), na ukifika "hadhal amra" taja jambo lako. Imam Nawawi amependekeza Kafirun rakaa ya kwanza na Ikhlas ya pili, na dua ianze na kuishia kwa kumhimidi Mungu na kumswalia Mtume. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, usiiswali baada ya Alasiri mpaka jua lizame, wala baada ya Alfajiri mpaka lichomoze na kupanda, wala jua likiwa utosini. Mwenye hedhi asome dua peke yake.

Hufanywa kwa jambo la halali lenye njia zaidi ya moja. Haifanywi kuuliza kama nilipe deni au nimtii mzazi. Na haikai mahali pa ushauri: kama ni posa, peleleza tabia, uliza majirani, pima seli mundu, kisha swali. Ukimaliza, fuata hatua inayofuata. Mlango ukifunguka, ingia. Ukifungwa kwa sababu ya wazi, usiuvunje, kwa sababu ulishaomba mwenyewe "wasrifhu anni wasrifni anhu", liondoshe kwangu jambo hili na uniondoshe nalo. Wanaochanganyikiwa mara nyingi walikuwa wameshaamua moyoni, wakaja kuomba muhuri.

Abuu_Tanga

Msiba je? Pale habari inapoingia, mtu hana nafasi ya kutafuta kitabu.

Nahodha_Mrima

Ndiyo maana ya kuzoea mapema. Maneno ni mafupi: "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Allahumma ajurni fi musibati wakhluf li khairan minha." Ummu Salama aliyasema alipofiwa na mume huku akijiuliza nani atakuwa bora kuliko Abu Salama. Kulia si kukosa tawakali, Mtume alilia kwa mwanawe Ibrahim. Kinachokatazwa ni kupiga mashavu, kuchana nguo, na maneno ya kumlaumu Mungu. Kwa dhiki isiyo msiba, shika dua ya Nabii Yunus: "La ilaha illa anta subhanaka inni kuntu minadh dhalimin." Na inuka uswali, Hudhaifa amesema hivyo ndivyo Mtume alivyofanya jambo linapomlemea.

Mama_Ntilie_Mbagala

La mwisho: Kiarabu changu ni kidogo. Nikiomba kwa Kiswahili inafaa?

Ukhti_Shangani

Inafaa, mama yangu. Ndani ya swala baki na zile za Kiarabu unazozijua. Ukishatoa salamu, omba kwa Kiswahili chako chote, taja deni kwa kiasi chake na mtoto kwa jina lake. Dua ya istikhara husomwa baada ya salamu, kwa hiyo ruhusa iko: iandike kwenye karatasi kwa herufi za kawaida, tafsiri yake chini, uisome ukiwa bado umekaa kwenye mswala. Anza na ile ya kutoka nyumbani, ina maneno machache. Ibandike nyuma ya mlango, usawa wa macho.